Kozi Haikulala Njaa kwa Kupenda

Barua imetoka makao makuu ya jimbo,
kurasa mbili, muhuri wa bluu,
sentensi moja tu yenye meno:
kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni
Utangulizi wa Sosholojia uwe umetoka
katika orodha ya masomo ya kiini.

Haijafutwa, wanasema.
Imehamishwa.
Kama mgeni anayeambiwa, "Hatukufukuzi,
tumeondoa tu sahani yako."

Mimi ni Marisela Ybarra, karani wa msajili,
miaka ishirini na sita katika chumba kisicho na dirisha,
Texas magharibi, ambako upepo huvuma
hata mahali pasipo na kitu cha kuvumia.
Wajumbe wa bodi hawanijui kwa jina,
lakini kalamu yao haifiki popote
mpaka ipite kwenye kidole changu cha shahada,
mimi nisiye na shahada.

Nitasema na la haki. Mkono huohuo wa jimbo
ndio ulioandika, zamani, kwamba aljebra ya chuo kidogo
ipokelewe na chuo kikubwa.
Mwanangu Efraín hakulipia somo moja mara mbili.
Siku ile nilisema: kumbe serikali nayo ina akili.
Kwa hiyo leo siwezi kuiita shetani.
Nimekaa nayo tu, kama mtu na shemeji.

Daktari Teasdale alikuja jana, kofia mkononi,
nyuzi za pamba ya Oktoba zimenasa viatuni.
Hakugombana. Aliuliza:
"Muhula ujao nitabaki na wangapi?"
Nikafungua skrini.
Muhula huu, sitini na wanne.
Muhula ujao, tisa,
na wawili kati yao wamekosea namba.
Akacheka. Kisha akatafuta kiti.

Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja
nilipokaa darasani mwake, Jumanne usiku, mstari wa nyuma.
Alitutuma tukahesabu mitaa yetu wenyewe:
nani ana bomba, nani ana lami,
nani alizikwa kabla ya kufika sitini.
Nikatembea na daftari, nikagonga kwa Bi Hruska,
kwa akina Ocañas, kwa mzee Lovelace
aliyeacha mapafu yake kiwandani, kwenye mashine za kuchambua pamba.
Nikaandika: lami inaishia kwenye reli.
Maisha yangu yote nilikuwa nikifuta vumbi mezani
bila kujua kwamba vumbi lina anwani.
Alinirudishia karatasi na maneno matano ya wino mwekundu:
*Takwimu safi. Hitimisho la woga.*

Kiini, wanasema.
Nakaanga mayai kila alfajiri, kiini nakijua:
ndicho kinachomlisha kifaranga gizani
kabla hajajua kama kuna nje.
Ganda halimlishi. Ganda hupigwa muhuri tu
na kupangwa kwenye trei.

Kozi wa porini, wasemavyo, hulala njaa kwa kupenda.
Kozi hii ya kwetu imelazwa.
Itabaki kwenye orodha ya hiari, na jina lake, na namba yake,
mpaka mwaka mmoja mtu kama mimi
aone sifuri kwenye safu ya wanafunzi
na kuuliza, kwa adabu, kama bado inahitajika.

Ijumaa. Saa kumi na dakika hamsini na mbili.
Nimeweka alama. Nimeondoa alama.
Nimeiweka tena.
Mashine inauliza: una uhakika?
Haijawahi kuniuliza hivyo mtu yeyote wa bodi.
Chini yake kisanduku: *Sababu ya mabadiliko.*
Hakiruhusu kuachwa kitupu.
Kwa kawaida tunaandika "Agizo", basi, tunakwenda nyumbani.

Nikaandika: Lami inaishia kwenye reli.

Mfumo ukapokea.
Ulichotaka ni herufi zisizopungua tano.