Mistari Minne

Jumanne jioni, Chumbageni, chumba cha katekisimu.
Viti ni vya watoto; magoti yetu yanakaribia kidevu.
Tuko saba. Mwalimu Sembua anagawa karatasi
zilizorudufiwa mpaka wino umechoka.
Mistari minne, na juu yake noti za miraba,
zimekaa kama vifungo vilivyomwagika
kwenye kitambaa nisichojua kinataka kuwa nguo gani.

"Mapigo yako wapi?" Anselmi anauliza.
Fundi baiskeli huyu ndiye mpiga ngoma wetu wa Jumapili,
na kisigino chake kimeshaanza kugonga sakafu.
Mwalimu anamwekea mkono gotini, taratibu,
kama anayemtuliza mbuzi.
"Hapa hatuhesabu. Maneno yanatembea. Yafuate."

Hatuhesabu!
Marehemu baba alitunga mashairi ya harusi,
akihesabu mizani kwa vidole vya mkono wa kushoto:
nane, pumzi, nane.
Mstari ukizidi silabi moja
aliukata kama mguu wa kitanda kinachoyumba.
Mimi ni mtoto wa nane kwa nane,
na leo nimekabidhiwa irabu moja:
a.
Inapanda ngazi mbili, inashuka moja,
inazunguka nyuma ya nyumba, inachungulia, inarudi,
na bado ni a,
silabi ya pili haijatokea hata kivuli.
Nikaishiwa njiani. Nikakohoa.
Dafroza akacheka mpaka karatasi yake ikaanguka.

Kilatini nilikiogopa bure.
Irabu zake ni zetu, tano zile zile,
kinasomwa kinavyoandikwa.
Ila maneno yake yana tabia ya kufunga mlango,
na ulimi wangu umelelewa kuacha wazi.
*Dominus*, anasema mwalimu.
Dominusi, naitika.
*Dominus.*
Dominusi.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nyumbani, Barabara ya Nane, nafanyia zoezi kwenye cherehani.
Mguu unakanyaga, a inapanda.
Wateja wanasimama kizingitini:
"Mama Teo, jino linakuuma?"

Siku ya nne ukuta ukabishwa hodi.
Ni Bi Saumu, mwalimu wa kaswida, jirani wa miaka kumi na tisa.
Nikajua amekuja kulalamika, nikatayarisha samahani.
Akakaa kwenye furushi la vitenge, akasema:
"Unaimba na shingo.
Unavuta pumzi kwa mabega kama mbeba ndoo.
Hebu." Akaweka kiganja chini ya mbavu zangu.
"Nisukume hapa. Usinisukume na maneno."
Hakuuliza ni wimbo gani, wala wa nani.
Akaniambia tu kwamba watoto wake huibiana pumzi:
mmoja anapovuta, wenzake wanashika,
msikilizaji haoni kiraka.

Kiraka nakijua. Uzi ukiisha katikati ya mshono
huanzi pale pale ulipokatika;
unarudi nyuma vidole viwili, unapanda juu ya ule wa kwanza,
ndipo unaendelea.

Jumanne iliyofuata umeme ukakatika.
Karatasi zikazimika mikononi.
Hakuna aliyesema kitu, na Anselmi, sijui kwa nini, akaanza a,
chini, yenye kutu kidogo.
Nikapanda juu yake vidole viwili. Dafroza akapanda juu yangu.
Gizani sikujua nani anavuta na nani ameshika.
Ilidumu kiasi gani, siwezi kusema;
ndilo jambo la kwanza maishani nililoshindwa kulihesabu
na sikujisikia nimeibiwa.
Kisha mtu akapiga chafya, nasi tukaporomoka wote.
"Nani kakufundisha kupumua?" mwalimu akauliza gizani.
"Jirani."

Sijafika popote. Silabi ya pili bado inanitisha,
na Dominusi huponyoka nikichoka.
Leo asubuhi nimeivuta a mpaka mwisho wake, bila kukohoa,
na nilipotazama chini ya sindano
nikakuta nimeshona mfuko wa suruali ya Anselmi, umefunga kabisa.
Nafumua sasa, uzi kwa uzi.
Upande wa pili wa ukuta pamenyamaza.
Bi Saumu anangoja nianze tena.