Daftari la Mizani

Siku kumi na tisa. Kisha arobaini na moja.
Kisha ishirini na sita, nikashangilia kama mjinga,
nikamwambia Bujiku: tazama, mwezi umenyooka.
Kisha sitini na tatu.

Mimi ndiye ninayepima dagaa pale Mwaloni, Kirumba.
Gunia likipanda, nasubiri sindano itulie,
naandika kilo, jina, tarehe.
Miaka tisa sijapoteza hesabu ya mtu.
Wanaume wa Ukara, vidole vimechanika kwa nyavu,
wananiamini kuliko wanavyowaamini shemeji zao.

Lugha yetu nayo haina huruma:
mwezi ni ule wa juu, mwezi ni ule wa mshahara,
mwezi ni huu unaokuja na kitambaa.
Neno moja, na yote mitatu haijuani.

Ule wa juu naujua. Ukiwa mpevu
dagaa hawaifuati taa. Wavuvi wanavuta mitumbwi,
wanashona nyavu, wanalewa, wanaoa.
Mizani inakaa mikono mitupu siku saba, nane,
na mimi nafagia vumbi la dagaa hadi napiga chafya.
Kisha giza linarudi, na usiku ziwa linawaka
kama mji wa pili umejengwa njia ya Ukerewe.
Hiyo ni kalenda. Mtu anaweza kukopa fedha juu yake.

Wangu unakopesha, halafu unakana.
Unachelewa wiki mbili, naanza kutembea polepole,
nakataa kunyanyua ndoo. Nanunua kipimo
duka la dawa la mbali, Buzuruga, nisikojulikana.
Nakojoa kwenye kikombe kilichovunjika mkono.
Mstari mmoja.
Nakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.
Usiku nakitoa jaani, nakitazama tena kwa tochi.
Mmoja ni mmoja hata kwa tochi.
Na Jumapili, nimevaa sketi nyeupe ya kwaya,
ndipo unafika.

Bugando waliniambia yai langu halijui siku yake.
Dada wa utrasaundi alinipaka jeli ya baridi,
akanigeuzia kioo nikaona:
vifuko vidogo vidogo vimejipanga ukingoni
kama abiria wa kivuko cha Kamanga, wote wana tiketi,
na hakuna anayepanda.
"Wewe si tasa," akasema. "Ni kuchelewa tu."
Neno lile sikuwa nimelitaja.
Alilitoa yeye, akaliweka pale kitandani,
nami nikarudi nalo nyumbani.

Mayu Nyanzobe, mkwe wangu, hasemi kitu.
Ananiletea mizizi kwenye chupa ya soda,
anakaa, anakunja kanga magotini.
"Kuku wako wanataga?"
Wanataga, mayu. Kila asubuhi.

Jana nilitafuta risiti ya umeme nyuma ya kalenda,
ile ya duka la nyavu, yenye picha ya sato.
Nikakuta penseli. Mwandiko wa Bujiku,
Bujiku asemaye, "Mimi sihesabu, Mungu ndiye anayehesabu."
19. 41. 26. 63.
Na chini yake amepiga mstari,
kama mtu anayetaka kujumlisha,
halafu hakujumlisha.

Nikairudisha kwenye msumari.
Alipoingia, miguu ina tope la Igogo,
nikamwongezea samaki. Akauliza kuna nini.
Nikasema kula.

Leo ni ya thelathini na nane.
Giza limerudi, wavuvi wamerudi majini,
magunia mia na kumi kabla jua halijafika batini.
Kila gunia likishuka narudisha sindano kwenye sifuri.
Ndiyo sheria ya mizani: cha leo hakibebi cha jana.
Magesa wa Ukara akanitazama.
"Mbona umeshika tumbo?"
"Njaa," nikamwambia, na ilikuwa kweli, sikuwa nimekula.
Akanimegea muhogo. Nikautafuna nimesimama,
mkono mmoja kwenye kalamu.

Magesa, kilo arobaini na mbili.
Tarehe tano.