Gazeti la Majivu

Kila jioni, kuku wakishaingia,
namwaga majivu kuzunguka banda,
upana wa hatua moja, kwa chekecheke la unga
ambalo Nyamizi amekwisha kulikatia tamaa.
Alfajiri nachuchumaa na tochi,
nasoma.

Miaka kumi na tisa nilisoma mizani ya pamba;
sikujua uzee utanipa kusoma vidole.

Mwewe haandiki.
Huja mchana kweupe, saa ya kuanika dagaa,
kila mtu Luchelele kainama,
na anachoacha ni ukelele wa tetea
na hesabu pungufu.

Kicheche huua kupita njaa yake.
Mwaka juzi aliniachia saba, shingo zimetobolewa,
nyama haijaguswa,
na harufu iliyogoma kutoka hadi Jumapili.

Nguchiro hulipa jiwe mgongo,
hulirusha yai katikati ya miguu yake, pwaa!
Ukikuta ute umekauka kwenye jabali
usiulize mengi.

Lakini masika haya mayai yalitoweka mazima.
Si ganda, si ute, si unyoya.
Yule kidimu wangu akabaki analalia hewa.
Mwizi asiyeacha makombo, nikasema,
ana mfuko.

Na mfuko niliudhani naujua:
kaptura ya Shilinde, mtoto wa jirani,
anayekatisha uani kwangu kwenda mwaloni.
Nilimsimamisha penye bomba, mbele ya ndoo na wenye ndoo.
Nilisema neno moja. Mnalijua.
Akaigeuza mifuko nje, yote miwili,
ikaning'inia kama masikio ya mbuzi.
Mmoja ulikuwa umetoboka.

Majivu nilianza jioni ile,
nipate ushahidi.

Usiku wa nne gazeti likatoka:
vidole vitano, makucha marefu,
nyayo zikipishana kushoto na kulia,
na katikati yake mstari mmoja wa mawimbi,
kama mtu kaburuta kamba.
Mkia.
Kenge. Katoka kwenye matete,
kapita chini ya ubao wa tatu,
kameza, karudi zake ziwani.
Kenge hatemi ganda.
Tumbo lake ndilo kikapu.

Nikachimba mtaro unaofika gotini,
nikafukia waya, nikashindilia kokoto.
Juu nikatandaza wavu mkuukuu wa sangara,
mwewe naye asome.
Matete nikayafyeka. Mayai sasa naokota adhuhuri,
hayalali nje.
Kumwua sikumwua. Nilimkuta juu ya jabali akiota jua,
ulimi nje, ulimi ndani,
akaniangalia bila hatia yoyote,
na mimi ndiye niliyegeuza macho.

Nilipeleka trei moja kwao.
Mama yake akapokea kwa mikono miwili.
Shilinde alikuwa anapara sato, magamba hadi kwenye nyusi.
"Mwangaluka," nikasema.
"Mwangaluka," akajibu.
Hakuongeza "baba".
Zamani alikuwa anaongeza.

Nyamizi anasema banda limepona,
acha majivu, unachafua miguu ya watu.
Bado namwaga.

Leo, upande wa njia, nimekuta kandambili ndogo,
kisigino cha kulia kimelika.
Zimekuja hadi ukingoni, zikasimama,
majivu yamedidimia, kama mtu aliyekaa kitambo
akisikiliza kuku wakijigeuza usingizini,
kisha zikarudi zilikotoka.

Nimefungua banda. Nimehesabu mayai.
Yametimia.
Ndipo nikaona haya
kwamba nimehesabu.