Daftari la Kumi na Nne

Mashine ya kwanza niliinunua Groningen
mwaka uleule Sjoukje alipotaka friji mpya.
Ubao wa plastiki, vitaa vyekundu kandokando,
na ikifikiri hulia ngii, kama mbu chupani.
Nasogeza askari. Inahesabu.
Nachemsha kahawa, narudi, bado inahesabu.
Ilikuwa mbumbumbu, tena yenye uroho:
niitupie askari mmoja tu wa pembeni,
itamtuma malkia amfuate
kama mtoto na peremende,
nami nimfunge shaha huku nacheka peke yangu
saa saba usiku, Leeuwarden, mfereji umeganda.

"Umemshinda nani?" toka chumbani.
"Mashine."
"Haya. Kesho itakuja kukuoshea vyombo?"

Kisha zikaja programu, kwa posta, kwenye disketi.
Tjebbe, daktari wa meno wa Sneek, akaandika yake
kati ya mgonjwa na mgonjwa, akaiita Mbayuwayu.
Jumamosi tulizikutanisha mezani kwangu,
kompyuta mbili zimepeana visogo,
na mimi katikati, mkono wa kukodi:
nasoma huku, naandika kule,
nabeba hatua ya huyu nampelekea yule.
Mjumbe hauawi, wanasema;
hawakusema kuwa hachezi pia.
Lakini nani alijali? Tulipiga kelele
mpaka jirani akagonga ukuta.
Matokeo yote niliyaandika kwa wino,
madaftari kumi na matatu, jalada la kijani.

Mara ya mwisho kushinda
sikujua kuwa ni ya mwisho.
Ningejua ningevaa tai.

Kila toleo jipya lilimla kaka yake.
Nilishangilia kama baba uwanjani:
kanipita mimi, sawa, nani hakunipita;
kampita bingwa wa mkoa, nikanunua keki;
kampita kila mwenye pumzi, nikakaa kimya kidogo,
uma mkononi.
Baadaye hata disketi hazikuhitajika,
zilishuka zenyewe, bure, usiku,
na asubuhi mashujaa wa juzi walikuwa takataka.
Sasa zinacheza zenyewe kwa zenyewe
michezo elfu kabla sijavaa soksi:
sare, sare, sare, sare.
Daftari la kumi na nne lina kurasa tatu.

Ile kali kuliko zote imo kwenye simu ya Jildou, mjukuu wangu,
katikati ya picha za paka.
Nikiiuliza juu ya mchezo nilioutunza miaka thelathini,
ule niliouita mzuri,
inanijibu kwa namba. Hasi nne nukta mbili.
Naiuliza kwa nini.
Hasi nne nukta tatu.

Tjebbe tulimzika Februari, mvua ikipiga kwa ubavu.
Mjane wake akanipa boksi la viatu limejaa disketi,
na kompyuta yenyewe,
rangi ya meno ya mvuta sigara.
Iliwaka mara ya tatu.
Mbayuwayu akaanza, polepole,
na hatua ya tisa akamtoa farasi wake
akambadilisha na kete isiyomstahili.
Kisha yule wa pili.
Nikasimama.
Tjebbe hakuwapenda farasi. Hata ubaoni kwake, miaka yote,
aliwang'oa upesi kama meno mabovu,
nami nikamcheka, miaka yote.
Hizi mpya, nitazitafuta wapi kasoro
ninayoweza kuiita kwa jina la mtu?

Sjoukje hupita na kikombe, haulizi tena.
Jana Mbayuwayu alinifunga, hatua thelathini na moja,
mimi nikiwa na farasi wote wawili.
Nimeandika: Mbayuwayu moja, mimi sufuri.
Kalamu ilikuwa imekauka; ile moja
nimeirudia mara mbili, ikawa nene.