Kibanio

Miaka kumi na tisa nimeishi kwa tone.
Kidole cha pete, mkono wa kushoto,
futa kwa spiriti, choma, kamua, paka kiooni,
kisha nyuma ya pazia, jicho kwenye darubini,
nawahesabu wageni ndani ya damu za watu.

Watoto wa Kyarusozi wananiita Kachoma.
Wakinikuta sokoni nikipimiwa maharage
huficha mikono nyuma ya mgongo,
na mama zao hulitumia jina langu kama fimbo:
kula, la sivyo Kachoma anakuja.
Nimezoea. Mtu hachagui jina apewalo na mwoga.

Jumanne pikipiki ya wilaya ilileta kisanduku.
Ndani, kibanio, kama kile cha kuanikia nguo,
na kioo cha kutosha kiganjani.
Hakichomi, alisema kijana aliyekileta.
Kinasoma mwanga unaopita nyamani:
mapigo, joto, hewa, wekundu wa damu, hata malaria,
vyote kwa pamoja, kabla hujamaliza kupiga chafya.
Nikatia saini. Akaondoka, hata chai hakunywa.

Tusiime, miaka minne, aliingiza kidole mwenyewe.
Kikawaka chekundu, kaa la moto lisilounguza.
Akacheka.
Katika chumba kile!
Niligeuka ukutani nikajifanya natafuta pamba.

Kisha akaingia Kabasinguzi, mchuma chai,
vidole vyeusi kwa utomvu wa miaka,
ngozi ngumu, cha shahada kimepasuka kama gome.
Kibanio kikawaka, kikafikiri.
INGIZA KIDOLE, kikaandika.
Kidole kimo.
INGIZA KIDOLE.
Tukajaribu cha kati, tukajaribu mkono wa pili,
tukasugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu.
INGIZA KIDOLE.
Akaniangalia.
"Abooki, mashine inasema mimi sipo?"

Nikaona haya kana kwamba nimeiunda mimi,
huko ilikoundwa, ikajaribiwa kwa vidole laini vya nani sijui,
na mezani pao, nadhani, vikombe vikitoa mvuke
wa majani yaliyochumwa na mikono kama hii.

Sindano ilikuwa kwenye droo. Mkono wangu uliijua njia,
ulishafika nusu yake.

Ndipo akafungua kitambaa kichwani, akainamisha shingo.
"Jaribu hapa. Hapa hapajawahi kuchuma chai."
Sikio. Hereni haikuwepo; tundu lilikuwepo,
shangazi alimtoboa kwa mwiba, akiwa na miaka saba,
"na sikulia," akasema, "kwa hiyo usiniogope."

Nikabana polepole.
Sikio likawaka kama dirisha la jirani
usiku umeme ulipokatika kwako tu.
Tarakimu zikaja moja moja, kwa kusitasita,
kama wageni wanaovua viatu mlangoni.
Malaria: hakuna.
Wekundu wa damu: chini. Chini mno.

Hilo kibanio kilijua, nakipa haki yake,
wala hakikumwaga hata tone
la damu ambayo mwenyewe hakuwa nayo ya kutosha.
Lakini hakikujua empaako yake.
Hakikujua kwamba mteremko wa kwenda shambani
siku hizi anaupumzikia mara tatu.

Nikavuta kiti, nikakaa. Sijawahi kukaa na mgonjwa;
kwa kawaida tone likishatoka, nami hutoka nalo.
"Akiiki," nikasema, "jana ulikula nini?"

Akatazama vidole vyake, safi kwa limau mpaka nusu.

"Chai."