Taa ya Saba

Skrini yasema lango limefungwa.
Verna haiamini.
Saa tisa usiku, Mto Ohio umeota barafu kingoni,
na tishari kumi na tano za makaa ya mawe
zasubiri nje, tagi ikikoroma.

Nyuma ya mlango wa paneli, kwa penseli,
mwandiko wa Orville, fundi wa zamani:
*Taa ya saba ni mwongo.*

Nyaya zote tulibadili. Relei tukatupa.
Ya saba siku hizi ni kihisi, kipya, cha ghali.

Anatoka na tochi.
Kwenye jicho la kihisi, utando wa buibui
umeganda kwa baridi;
na lango, kumbe, liko wazi upana wa kiganja.

Anaufuta kwa glavu.
Anarudi, anatafuta penseli.
Chini ya maneno ya Orville anaandika:
*Bado.*