Mchonga Mihuri

Mlango wa tatu toka kwa muuza mkate wa mofa, Langoni,
ndipo nilipo: nakala shilingi kumi, picha za paspoti,
na mihuri ya mpira, ya duara, ya pembe nne, ya tarehe.

Alasiri Barke wangu hukaa nyuma ya mashine,
miguu juu ya katoni la karatasi, pua kitabuni.
Kuna kofia humo, anasema: ukiivaa
watu huiamkia kofia, wewe hawakuoni.
Kuna kinywa cha shaba kilichong'olewa kwenye sanamu,
kikisema uongo mara saba, wa nane huwa kweli.
Na kuna fimbo. Ikigonga ardhi
mto huhama, mpaka huhama,
mwenye nyumba huamka mgeni kitandani mwake.

Nikacheka. Nikamwambia kofia hiyo naijua,
ilipita Usita wa Mui juzi na vipaza sauti viwili,
punda wakabanwa ukutani.
Na kinywa nacho tumekisikia, tumekihesabu hadi sita.

Hakucheka. Ana miaka kumi na mitatu, mizaha yangu haimkai.
"Baba, huyu fundi aliyeichonga fimbo,
wamemtaja ukurasa wa tisa tu, basi.
Alikwenda wapi?"

Nikasema labda alikuwa na watoto wa kulisha.
Nikasema labda aliambiwa ni mkongojo.

Kumi la mwisho la Ramadhani, mwaka juzi,
alikuja mtu wa koti, mpole, ana saumu kama mimi.
Alitaka muhuri wa duara, milimita thelathini na nane.
Nikamwomba idhini, akatoa barua,
barua ina muhuri. Basi muhuri ukazaa muhuri.
Herufi zetu huchongwa kinyume, kama maneno ya mganga;
zikija kusomeka sawasawa, jambo limekwisha kupita.
Njaa ilinitetemesha kisu:
R ya neno ARDHI ikatoka na mguu mfupi.
Akaitazama, akasema si neno.
Akalipa, akaongeza mia, sadaka.

Jumatatu hii Bi Khadi Bwanaheri akaja kutaka nakala.
Barua kaifunga pindoni mwa leso, imeshika harufu ya iliki.
Inasema habari za shamba lake la bara, ng'ambo ya mkondo,
mikorosho arubaini,
ambalo kumbe halijapata kuwa lake.
"Nisomea mwanangu, mato yangu hayaoni.
Ila muhuri wenyewe mzuri, sivyo? Wa buluu."
Na ardhi pale katikati inachechemea, inanitazama.

Nilimsomea nusu.
Nilipokea shilingi kumi.
Naandika hivi ili nisije nikasema sikupokea.

Usiku nikamuuliza Barke: fimbo ile huvunjwaje?
Akasema hajafika huko, nisimharakishe.
Mimi najua mpira huungua dakika mbili, uvundo siku nzima,
na karatasi iliyokwisha kupigwa haishiki moto nao.

Lakini nina kopo la maziwa ya unga.
Humo hutupa chapa ya kwanza ya kila muhuri, ile ya kujaribia wino,
nyuma yake siku, jina la mteja, pesa.
Sikuwa nalinda haki ya mtu. Nilikuwa nalinda madeni.
Leo nimelimwaga mezani:
timu za mpira, kamati za misikiti, bima,
tabibu wa meno aliyehama usiku,
na chini kabisa duara la buluu, R kigutu,
jina la mtu wa koti kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikimtoa yeye, najitoa na mimi.

Barke amekunja kona ya ukurasa wake.
Ameinua kifuniko cha mashine;
mwanga wa kijani ukampita usoni, ukarudi.
"Nakala ngapi?"

Sikumjibu upesi. Nilikuwa nahesabu nyumba,
kutoka hapa hadi Mkomani.